Mlima Ukitoa Moto, Nani Ametenda Dhambi?



Kila mara ardhi inapotikisika, maneno huanza katika avenyu zetu na hata ndani ya maombi yetu. Wengine husema: waliounguliwa nyumba walikuwa na dhambi ya siri. Wengine husema: nimeonyeshwa katika ndoto kwamba moto hautafika kwetu, kwa hiyo sitoki. Sisi mashemasi tumeona vema kuyapima maneno haya mawili, maana la kwanza linaumiza watu, na la pili linaweza kuwaua.

Tukumbuke kwanza yaliyotokea, kwa kuwa vijana wengi hawakuyaona. Kati ya 1938 na 1940 moto wa Nyamulagira ulishuka mpaka Ziwa Kivu, upande wa Sake. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ulipasuka mbavuni, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Moto ule ulikimbia kuliko mtu, na vijiji vya chini havikupata nafasi. Tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wakivuka kwenda Gisenyi. Tena tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ulishuka mpaka Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege.

Sasa tuulize. Katika 2002 kanisa kuu la Wakatoliki liliteketea. Kwa dhambi ya nani? Na baa zilizosalimika, zilisalimika kwa utakatifu wa nani? Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la Bukavu na Cyangugu liliangusha kanisa upande wa Rwanda juu ya watu waliokuwa katika ibada. Walikuwa wanaomba, ndugu! Bwana Yesu aliulizwa jambo kama hili, akawataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kusema kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Someni Luka 13. Basi mama aliyepoteza parseli yake asiongezewe na aibu.

Kuhusu ndoto, sisi ni kanisa la unabii, hatudharau maono. Lakini Yosefu alipoota ndoto, aliambiwa aondoke, naye aliondoka usiku uleule pamoja na mtoto na mama yake. Hakungoja siku tatu za kufunga. Tarehe 27 Mei 2021 serikali iliamuru kartiye kumi za Goma zitoke. Watu walikwenda Sake, Rwanda, wengine kwa mashua mpaka Bukavu. Baadaye walirudi, wakakuta mji umesimama, na waliobaki wakawacheka. Kicheko hicho hatukipendi. Kutoka nyumbani ukarudi mzima si kukosa imani.

Tena moto ukisimama, hatari haijaisha. Katika 2002, siku chache baada ya moto kupita, kituo cha mafuta kililipuka na kuua watu waliokuwa wanachota humo. Katika 2021 wengine walikufa kwa hewa mbaya walipokatiza juu ya mawe ambayo hayajapoa.

Na mazuku tunayajua sote. Kuna wanaofikiri ni pepo, wanataka kushuka shimoni kuyakemea. La, msishuke! Mazuku ni hewa nzito itokayo ardhini, haina rangi, hujikusanya mabondeni hasa usiku na asubuhi ambapo hakuna upepo. Mbuzi hufa kabla ya mwenyewe, kwa sababu pua yake iko chini. Mtoto naye ni mfupi. Ukiona mbuzi ameanguka shimoni, usimfuate. Panda juu, uombe ukiwa juu.

Kwa hiyo kila kiongozi wa kundi la maombi aandike majina ya wazee, wajane, wagonjwa na wanaonyonyesha walio katika avenyu yake, na mbele ya kila jina aandike kijana mwenye nguvu, au mwenye chukudu, atakayemsaidia siku ya kutoka. Majina hayo yaletwe kwa mashemasi Jumapili ijayo, kabla ya ibada.