Usimtwike Mnyonge Dhambi Asiyoitenda



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tunaziusia nafsi zetu na zenu tumche Mungu katika ndimi zetu. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya watu.

Sikilizeni kisa cha mtu asiyekuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, kwani mazingatio hayachagui nchi. Katika mji wa Collinwood, karibu na Cleveland huko Marekani, ilikuwako skuli iitwayo Lake View. Bawabu wake, mwenye kufagia na kuangalia matanuri ya kulitia jengo joto, akiitwa Fritz Hirter. Asubuhi ya tarehe 4 Machi, 1908, alikuwa akifagia vyumba vya chini, mara akaona moshi ukifuka chini ya ngazi ya mbele. Alikimbilia kengele ya hatari akaipiga, kisha akaiendea milango, wa mbele na wa nyuma.

Lakini moto ulikwisha kuishika njia ya mbele. Watoto wakageuka wote kwa pamoja kuuelekea mlango wa nyuma. Wa kwanza wakaanguka, wengine wakawaangukia, wakabanana chini ya ngazi mahali palipokuwa pembamba. Hirter alimwona binti yake mdogo katika lundo lile. Alijaribu kumvuta, moto ukamrudisha nyuma. Siku ile walikufa watoto 172, waalimu wawili, na mtu mmoja aliyekwenda kuokoa. Watatu katika watoto wale walikuwa wa Hirter.

Mnadhani watu walimpa mkono wa tanzia? La! Palizuka maneno ya kuwa yeye ndiye aliyeifunga milango, na ya kuwa alighafilika na matanuri yake. Mtu aliyewapoteza watoto watatu akawa anatazamwa kama muuaji. Hata ulipofanywa uchunguzi wa serikali, ikaonekana kuwa chanzo ni mabomba ya joto yaliyopitishwa karibu mno na mbao za jengo. Je, mfagiaji ndiye aliyeyapitisha mabomba yale? Ndiye aliyeijenga njia nyembamba? Hapana. Lakini mfagiaji ndiye aliyekuwa karibu na mkono, na asiyekuwa na mtu wa kumsemea.

Ndugu zangu, jambo hili si geni katika dini yetu. Wafasiri wa Sura ya An-Nisaa wametueleza habari ya Tu'ma bin Ubayriq, aliyeiba deraya kisha akamsingizia Yahudi. Jamaa zake wakasimama kumtetea, kwa kuwa ni mtu wao. Mwenyezi Mungu akateremsha aya za kumtakasa yule Yahudi, na kutuonya kuwa atendaye dhambi kisha akamtupia asiyekuwa nayo amejitwika uzushi na dhambi iliyo wazi. Tazameni uadilifu huu! Wahyi umeshuka kumwokoa mtu asiyekuwa Muislamu na uwongo wa mwenye kujiita Muislamu.

Sasa na tujitazame. Likitokea janga mtaani, barazani baada ya Magharibi hatuulizi nani aliyejenga, nani aliyekagua, nani aliyeambiwa akapuuza. Twauliza bawabu alikuwa wapi. Kabla ya Isha amekwisha kuhukumiwa, bila ya shahidi wala kusikizwa. Kesho ukweli ukidhihiri, nani kati yetu atakayepita nyumba kwa nyumba kuyafuta aliyoyasema?

Wala asiseme mtu kuwa ni kudra ya Mungu, akaishia hapo. Kudra twaiamini, lakini ngamia tumeamrishwa kumfunga. Enyi wenye kusimamia madrasa na vyuo, kaangalieni leo: watoto wenu wana milango mingapi? Ufunguo uko kwa nani? Ngazi yaweza kupitisha wangapi kwa mara moja? Mkijua kasoro mkanyamaza, msimtafute mfagiaji siku ya msiba. Mtakuwa mwamjua mwenye dhambi.

Na mwenye kumsingizia mtu leo amwendee amtake radhi angali hai, kabla ya siku ambayo deni halilipwi kwa fedha bali kwa mema ya mtu.

Ewe Mola, zihifadhi ndimi zetu na dhuluma, na watoto wetu na moto wa dunia, nasi sote na moto wa Akhera. Amin.