Kufu ya Umri na Siha



Sisi watu wa Pwani, hata tuliohama Mombasa na Lamu tukakaa huku Kabiria na Riruta, binti yetu akiposwa twamtafutia kufu. Twauliza: mposaji ni wa ukoo gani? Ana mali gani? Lakini ni wachache wanaouliza: ana umri gani, na siha yake ikoje? Basi mzee wa miaka 50 hupewa mwari wa miaka 15, watu wakala biriani na kusema, "Amepata stara."

Imam Nasai ameweka katika Sunan yake mlango wa mwanamke kuolewa na aliye rika lake. Humo amepokea kuwa Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar walimposa Bibi Fatima, na Mtume (S.A.W.) akawajibu kuwa yeye ni mdogo, kisha akaposa Sayyidna Ali, akamwoza. Ni mzee gani wa leo aliye bora kuliko masahaba wawili hao? Na Imam Nawawi ameeleza kuwa Imam Shafi, ambaye twafuata madhehebu yake, alipendekeza baba asimwoze bikira mpaka abaleghe na atakwe idhini, asije akatiwa kifungoni kwa mume asiyemtaka.

Hatusemi kuwa kupitana umri ni haramu. Bibi Khadija, kwa riwaya iliyo mashuhuri, alimzidi Mtume miaka 15. Lakini alikuwa mwanamke mzima, mwenye akili na mali yake, na mwenyewe ndiye aliyetaka.

Mwari mdogo sivyo alivyo. Nyonga zake hazijakomaa. Uchungu wa uzazi ukikaa siku mbili tatu, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za ndani mpaka zikafa, pakawa tundu, na mkojo ukamtoka asiweze kuuzuia. Hiyo ndiyo fistula. Aghalabu mtoto hufa, na mume humkimbia. Hutibika kwa kupasuliwa, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta huifanya kazi hiyo. Lakini kinga ni bora. Tena mume aliyeoa na kuacha mara nyingi aweza kuwa na virusi vya UKIMWI naye hajui. Na mtoto huyo atapata wapi ulimi wa kumwambia mtu aliye sawa na babake, "Twende tukapimwe"?

Wako wasemao, "Akikaa ataharibika." Jawabu yetu: binti hulindwa kwa malezi na elimu, wala sharia haiondoi dhara kwa dhara mfano wake. Na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yakataza ndoa kabla ya miaka 18.

Basi enyi mawalii, kabla ya kupokea mahari ulizeni umri, wapelekeni wote wawili wakapimwe, na binti aulizwe na mamake faraghani. Uwalii ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi tawfiq.