Mbwa Mdogo Nyumbani: Nani Aamue?



Ndugu wapendwa wanandoa, wapo watakaocheka wakiona ukurasa wa ndoa unazungumza juu ya mbwa. Wacheke tu. Katika miaka yangu ya ukatekista, huku kati ya Migori na Homa Bay, nimeketi na watu waliogombania shamba, mahari, mama mkwe na hata redio. Lakini ugomvi ulionifundisha zaidi ulitokana na kijibwa kimoja cheupe ambacho hakikufikia kilo tano.

Mume ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Rongo. Mkewe anauza nafaka sokoni. Wana watoto wawili, msichana wa miaka sita na mvulana ambaye wakati ule alikuwa anakaribia mitatu. Walikuwa wamepatana wafuge mbwa, kwani wezi wa kuku walikuwa wamewazidi. Mke alitaka mtoto wa mbwa wa jirani, mbwa wa kawaida wa kijijini. Mume akaenda Nairobi kwenye harusi ya ndugu yake, akarudi na katoni iliyotobolewa matundu. Ndani yake mlikuwa na kijibwa cha kizungu chenye manyoya marefu. Aliponitajia bei nilinyamaza. Kwetu fedha ile ingenunua mbuzi wawili wazuri na sare ya shule juu yake.

Mke aliuliza mambo mawili tu.

“Baba watoto, amechanjwa?”

“Amechanjwa.”

“Na nani atamwangalia?”

“Sisi sote.”

Mnajua maana ya “sisi sote” katika nyumba nyingi. Kuchana manyoya, kutoa kupe, kuosha sakafu, kupika uji wa mbwa, yote yakamwangukia yule aliyekuwa na gunia la mahindi kichwani tangu alfajiri. Akanijia. “Katekista, mimi nimeletewa mzigo wenye roho, wala sikuulizwa.” Nami nikamjibu kwamba mume ni kichwa cha nyumba, avumilie, ni mbwa tu. Nikamkumbusha na barua ya Mtume Paulo kwa Waefeso, sura ya 5, mahali panapowataka wake wawatii waume zao. Nilianzia mstari wa 22. Kama ningeanzia mstari wa 21, unaowataka Wakristo watiiane wao kwa wao, bila shaka ushauri wangu ungekuwa mwingine.

Baada ya miezi miwili yule mvulana alimwinua mbwa kwa mguu wa nyuma alipokuwa akila. Mbwa akamwuma shavuni.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa amewahi kusikia kwenye baraza la chanjo ya mbwa kwamba jeraha la namna hiyo huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15. Akafanya hivyo, mtoto akilia, kisha wakapanda pikipiki hadi hospitali. Daktari akauliza cheti cha chanjo ya mbwa. Mke akamgeukia mumewe. Mume akatazama chini. Cheti hakikuwapo, wala mbwa hakuwa amechanjwa, naye alilijua hilo tangu Nairobi.

Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara humalizia kaburini. Dawa ipo kabla ya dalili, baada yake hakuna tiba ya kutegemea. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembeni mwa Nairobi, nao haujaondoka. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuumaliza kufikia 2030, na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza. Mpango huo unategemea kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa wagonjwa, wanne katika kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa, na akiumwa kidogo hujificha asije akachapwa.

Turudi Rongo. Jioni ile mume alichukua panga. Alitaka kumwua mbwa palepale, na nadhani mnaelewa alichotaka kukiua hasa. Mke akasimama mlangoni. “Ukimwua leo, tutajuaje kama alikuwa mgonjwa?” Alisema kweli. Mbwa aliyemwuma mtu hufungwa na kuangaliwa siku kumi. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, basi siku ile alipouma hakuwa na ugonjwa huo mateni mwake. Mtoto aliendelea na sindano zake bila kungojea, kama daktari alivyoagiza, na mbwa akafungwa chini ya ghala. Yule mwanamke ambaye hakumtaka ndiye aliyempelekea chakula na maji siku zote kumi. Mume alipita mbali.

Siku ya kumi na moja waliniita. Mbwa alikuwa mzima, anatikisa mkia. Mke akasema mbele yangu na mbele ya mumewe, kwa sauti ya chini: “Huyu hakunidanganya.”

Tangu siku ile nimejiuliza kosa lilikuwa wapi. Je, ni kununua mbwa wa bei kubwa? Katekisimu ya Kanisa, namba 2418, inasema pande mbili kwa pamoja: si haki kuwatesa wanyama bila sababu, na tena si haki kuwatumilia fedha ambayo ingepaswa kwanza kupunguza taabu ya wanadamu. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, mwezi Januari 2022, aliwasikitikia wanandoa wanaoweka mbwa na paka mahali pa watoto. Lakini tuseme ukweli, kwetu kosa la kawaida ni la upande wa pili. Mbwa wetu hulala nje mvuani, hula mifupa akibahatika, hupigwa mawe na watoto huku wazee wakitazama. Anayemzuia mtoto wake asimtese mbwa anamlinda mtoto kwanza, maana mbwa aliyezoea mawe hangojei kuuliza ni mkono wa nani.

Kwa hiyo fedha ilikuwa kosa, lakini si kosa kubwa. Wala kupenda kitu kizuri si dhambi. Yule mwalimu alikuwa amemwona mbwa kama huyo nyumbani kwa bwana mkubwa mmoja, akatamani watoto wake nao wawe nacho. Mimi simcheki. Kosa lilikuwa katika neno moja, “amechanjwa”. Alilisema ili amalize mabishano, na neno lililomaliza mabishano likaja kukaa juu ya shavu la mtoto. Tumezoea kufikiri kwamba uongo wa ndoa ni ule wa mambo makubwa, wa fedha nyingi au wa mwanamke mwingine. Lakini katika nyumba yenye watoto wadogo, mmoja hulala usingizi kwa sababu ya neno la mwenzake. Mama alimwacha mtoto acheze na mbwa kwa sababu ya neno lile.

Kuna na jambo la pili. Kiumbe hai si kitenge, ambacho mume anaweza kumletea mkewe bila kumwuliza. Kitenge kisipopendwa hukunjwa. Mbwa atakula kesho, na keshokutwa, kwa miaka kumi na zaidi. Anayepokea zawadi hiyo anapokea kazi, na kazi ya mtu hupangwa pamoja naye. Hapo ndipo na mimi nilipokosa, nilipomwambia “ni mbwa tu”.

Sasa, wale mnaotaka mbwa mdogo kwa ajili ya watoto, nitasema nililojifunza. Udogo si upole. Chihuahua ana mifupa myembamba, mtoto wa miaka miwili akimwangusha atavunjika, na kwa kuwa anaogopa huwahi kuuma. Mbwa wa pua fupi kama Pug hupata taabu kupumua kwenye joto, na joto la ufuoni Homa Bay au Mbita mnalijua. Maltese na wenzake wa manyoya marefu huhitaji kuchanwa karibu kila siku, na kupe wetu hupenda sana manyoya hayo. Jack Russell ni mwepisi na hodari wa panya, ila waageni kuku wenu. Na msidharau mbwa wa Kiafrika. Basenji, mbwa mdogo kutoka misitu ya Kongo ambaye habweki kama wengine, alipelekwa Uingereza miaka ya 1930, na Wazungu humnunua kwa fedha nyingi. Jina lake ni ndugu wa neno letu “washenzi”. Hebu fikirini!

Kwa nyumba nyingi za kwetu, mtoto wa mbwa wa jirani anatosha kabisa, asitengwe na mama yake kabla ya majuma manane. Nendeni wote wawili mkamwone mama wa mbwa: akiwakaribia watu kwa utulivu, ni dalili njema. Apewe dawa ya minyoo, achanjwe akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti kiwekwe mahali ambapo nyote wawili mnakiona. Mtoto asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mpole, hasa wakati wa kula.

Katika kitabu cha Tobiti, Tobia alipoondoka nyumbani na malaika, safari iliyompatia Sara kuwa mkewe, mbwa alifuatana nao, na mwishoni akarudi nao. Hana jina, hafanyi muujiza wowote. Nimewasomea wachumba hadithi hiyo mara nyingi, nikimruka mbwa kila mara. Sasa simruki.

Yule mwalimu aliomba msamaha, ingawa ilimchukua majuma. Kijibwa bado kipo. Mwenyewe ndiye anayekichana kila Jumamosi, na alama shavuni kwa mtoto imefifia. Mimi nami nilikwenda sokoni kumwambia mkewe kwamba ushauri wangu ulikuwa mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipimia gorogoro mbili za maharagwe, akanitoza bei kamili.