BABA NAYE ANALIA
Neno kwa wanaume wa kanisa

Masomo: 1 Wafalme 19:1-8, 1 Wakorintho 7:3-5



Leo ninaandika juu ya jambo ambalo kanisani hatulisemi. Mama akiumizwa na vita tunamwombea, tunamkalisha na wamama wenzake. Baba tunamuuliza tu, "Habari ya kazi?" Anajibu, "Nzuri," hata kama kazi hana.

Tangu tuvuke mto Ruzizi na kufika huku Rusizi, wababa wamenifuata usiku, si mchana. Neno lao ni moja: "Mchungaji, nguvu zangu za ndoa zimeisha." Mmoja wao amenipa ruhusa niwaeleze habari yake bila jina. Alikuwa halali usingizi, anapiga watoto, tena amehama kitanda cha mke wake. Mama alifikiri ana mwanamke mwingine. Mimi nilimwambia afunge siku tatu. Alifunga. Akarudi akiwa na hali mbaya zaidi, akasema sasa hata Mungu amemkataa. Ndipo nikanyamaza, nikamsikiliza. Akalia, akasema kwamba njiani wenye silaha walimtendea yeye, mwanaume, yale tunayodhani hutendewa wanawake tu.

Ndugu zangu, nilitubu mbele yake.

Naye hayuko peke yake. Uchunguzi juu ya mashariki ya Kongo, uliotolewa mwaka 2010, ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 karibu 40 walisema wamepatwa na ukatili wa kingono. Na katika kila wanaume 100, karibu 24. Hesabuni viti vya wanaume siku ya Jumapili. Kule Kampala, wakimbizi wanaume waliopatwa na hayo walijiunga wakaunda kikundi chao, wakajiita Men of Hope, maana yake wanaume wa tumaini.

Sasa mwangalieni Eliya. Alikuwa ameona moto ukishuka Karmeli, lakini muda mfupi baadaye alikaa chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaguswa mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa imemzidi. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu. Mungu alianza na mwili. Mimi nilianza na maneno.

Basi na sisi tuanze na mwili. Mwili unaokaa na woga usiku na mchana haustarehe, na usipostarehe tendo la ndoa linakuwa gumu. Si laana, wala si uchawi wa mke. Huzuni hufanya hivyo. Kisukari hufanya hivyo, na presha, na kasiksi ya kila jioni. Hata dawa nyingine za presha zinaweza. Lakini usiziache, mwambie daktari akutafutie nyingine. Nenda kituo cha afya upimwe. Vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa barabarani uviache: vikikutana na dawa fulani za moyo, vinaweza kushusha presha mpaka mtu afe.

Kisha njoo kwa mke wako. Mtume Paulo hasemi mume achukue. Anasema ampe mkewe haki yake, na mke vivyo hivyo. Anasema pia kwamba wakipatana wanaweza kuacha kwa muda, ili waombe. Madaktari wa mambo ya ndoa nao huwashauri wenzi wapatane kuacha tendo lenyewe kwa muda, washikane mikono, wakumbatiane, waongee, bila mtu kudaiwa kitu. Woga ukipungua, mwili mara nyingi hurudi polepole. Lakini hamwezi kupatana juu ya jambo ambalo mmoja amelificha. Yule baba, alipomweleza mkewe, mama alilia, akasema, "Kumbe si mimi." Leo wanalala kitanda kimoja. Mengine yanakuja taratibu, na hawana haraka.

Wamama, nawaomba: mume akikufungulia moyo, usipeleke habari hiyo kwenye maji wala kwa jirani. Wazee wa kanisa, habari ya mtu isigeuzwe ombi la kutangazwa mimbarini. Na mtu asimwambie mwenzake kwamba aliyetendewa ukatili si mwanaume tena. Bwana wetu alivuliwa nguo mbele ya askari, nao wakamdhihaki. Aibu ilikuwa yao, si yake.

Ndugu yangu unayesoma haya peke yako, njoo. Njoo hata usiku. Safari hii sitaanza kwa kukuambia ufunge. Nitakuuliza kama umekula na kama umelala, kisha nitakusikiliza.

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu