Mshika Sanduku Akifungua Duka

Huulizwa: mtu aliyetumika miaka mingi katika chama cha maziko bila ya ujira, kisha akataka kufungua duka la nguo, je, kazi ile ni mtaji kwake? Na ikiwa ni mtaji, ni halali kuutumia?

Wako wasemao kuwa akipata faida ya dunia kwa kazi ile, thawabu zake zimekwisha. Hao wamekaza mno. Hata mwenye kuhiji ameruhusiwa kufanya biashara katika safari yake.

Kazi ile yamfaa, lakini si kwa kila jambo. Mshika sanduku la chama amezoea kuandika kilichoingia na kilichotoka, na kusikilizana na watu walio katika msiba, nao ni wazito kuliko mnunuzi yeyote. Haya wengine huyajua baada ya kula hasara mara mbili tatu.

Asilolijua ni soko. Katika chama, mwenye kutoa fedha siye mwenye kuvishwa sanda. Mtoaji ataka thawabu, wala haulizi kama duka la pili ni rahisi zaidi. Dukani mnunuzi ndiye mtoaji na ndiye mvaaji, naye huigeuza nguo ndani nje, akaenda zake. Na wale waliokuwa wakimwombea dua, huenda wakawa wa kwanza kutaka mkopo. Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina mwaka 622, Saad bin Rabii alimpa nusu ya mali yake. Hakuitwaa, aliuliza soko liko wapi, akaenda kuuza samli na maziwa makavu.

Lililo zito zaidi ni hili. Kila akifa mtu chama huhitaji bafta: mwanamume nguo tatu, mwanamke tano. Je, mshika sanduku atainunua dukani kwake? Katika madhehebu ya Shafi, wakili aliyeagizwa kununua hanunui mali yake mwenyewe, ijapokuwa bei ni ya haki. Kwani nafsi moja haiwezi kutaka bei ipande na kutaka ishuke. Basi na autoe kwanza ufunguo, hisabu zisomwe mbele ya watu, kisha auze kama auzavyo mwingine. Na daftari la majina ya watoaji libaki kwa chama: waliandikisha majina yao kwa ajili ya maiti, hawakuyaandikisha wapate kuuziwa kanga.