Ugeni wa Mgonjwa na Deni la Mwenyeji

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha tuliletewa suali ambalo tumeona si haki kulijibu kwa neno moja na kuliacha. Aliyelileta ni mama wa makamo, mwenyeji wa upande wa Karungu katika Kaunti ya Migori, aliyerejea kutoka Eldoret alikokwenda kutibiwa saratani. Alikaa huko wiki sita katika chumba cha kupanga. Alisema: "Maalim, kilichonishika nisivunjike ni mti mmoja uliokuwa mbele ya dirisha langu, na ndege waliokuwa wakiujia asubuhi, na bibi wa chumba cha pili aliyekuwa akinisalimu kwa Kiluo. Ndugu yangu mmoja alipopiga simu nikamweleza hayo, akaniambia kuwa huo ni upungufu wa imani, kwani muumini huliwazwa na Mola wake, haliwazwi na miti. Tangu siku hiyo nikawa naona haya hata kuutazama ule mti. Je, nilikosa?"

Kabla ya kumjibu, yatupasa tuifahamu hali yake, kwani atoaye hukumu bila ya kuijua hali humdhulumu mwenye hali. Tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa kawaida, hutolewa kidogo kidogo, siku tano za juma, kwa muda wa wiki tano au sita. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iliyoko Nairobi ndiyo iliyokuwa ya pekee miongoni mwa hospitali za serikali yenye mashine za tiba hiyo. Hivi sasa imefika miji mingine, lakini wengi wa wagonjwa wa Migori na Homa Bay bado hawana budi kusafiri. Wa Isibania hupanda basi alfajiri, na wa Kisiwa cha Mfangano huanza kwa mashua hadi Mbita kabla hajaliona gari. Na haiwezekani kwenda na kurudi kila siku. Basi hesabu mwenyewe, ewe msomaji: mashine humchukua mgonjwa dakika chache kwa siku, na saa 23 na zaidi zilizobaki ni za chumba cha kigeni. Aliyezoea ukingo wa ziwa, ulio kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, hujikuta Eldoret penye mita 2,100 hivi, katika baridi asiyoijua, na kila akitazama haoni maji. Madaktari hutibu uvimbe, lakini zile saa nyingine ni nani azitibuye?

Sasa turejee katika suali. Walipohamia Madina mwaka 622, Masahaba wengi walishikwa na homa ya mji ule. Khabari hii ameisimulia Bibi Aisha (r.a.), nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Aliingia kwa baba yake, Sayyidna Abubakar, na kwa Bilal, akawakuta wote wawili wako taabani. Bilal kila homa ilipompungua alikuwa akiinua sauti yake kwa mashairi ya kuitamani Makka, akiyataja majani ya bonde lake, na maji yake, na milima yake. Na ni Makka ipi hiyo? Ni ile ile ambayo watu wake walimlaza juu ya mchanga wa moto na kumwekea jiwe kifuani. Mtu aliyeteswa kiasi hicho akasema Mungu ni Mmoja, nani leo atasimama aipime imani yake? Hata hivyo alipougua ugenini alilitamani bonde na majani yake.

Bibi Aisha akamwendea Bwana Mtume (s.a.w.) akamweleza. Je, Mtume alimkemea Bilal? Je, alimwambia kuwa muumini hatamani majani? La. Aliomba dua. Aliomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Na autie mji ule siha. Na abariki pishi yake na kibaba chake. Na aiondoe homa yake aipeleke Juhfa. Itazame vizuri dua hii. Hakuomba siha peke yake, ingawa siha ndiyo waliyoikosa. Aliomba mahali pale papendeke nyoyoni mwao, na aliomba chakula cha pale kiwe na baraka. Alijua kuwa mgonjwa aliye ugenini ana haja tatu: mwili upone, moyo upazoee mahali, na tumbo lipate. Aliyemwambia mama yetu kuwa haja ya pili ni upungufu wa imani ameukataza moyo jambo ambalo Mtume aliliombea.

Tena kumbuka mlima wa Uhud. Chini ya mlima huo, mwaka 625, ndipo alipouawa Sayyidna Hamza, ami yake Mtume, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Angetaka, angelipa kisogo pahala pale maisha yake yote. Lakini imethibiti kuwa alisema mlima ule unatupenda nasi twaupenda. Basi mahali palipokuuma panaweza kuwa mahali pa mapenzi, na hapana shirki katika hilo wala uzembe.

Huenda mtu akasema: "Lakini si tumefundishwa kuwa nyoyo hutulia kwa kumtaja Mwenyezi Mungu?" Ni kweli, nasi hatuongezi wala hatupunguzi. Lakini Yeye huyo aliyetuamuru tumtaje ndiye aliyetuamuru tutazame mbingu na ardhi, na ndege walio hewani, na mimea inayofufuka baada ya mvua, akaviita vyote hivyo alama. Mgonjwa aliyelala, aliyechoshwa na dawa hata ulimi ni mzito, akautazama mti ukitikiswa na upepo na moyo wake ukatulia, huenda amesoma alama ambayo sisi wenye vitabu twaipita. Kosa si kuutazama mti. Kosa ni kuuomba.

Na ajabu ni kwamba miongoni mwetu wako wamkatazao mgonjwa kuutazama mti, lakini hawamkatazi kufungwa mzizi wa mti huo huo mkononi kuwa hirizi. Wagonjwa wangapi wa pwani hii ya ziwa wamecheleweshwa kwa kuambiwa uvimbe ni kazi ya hasidi au ya jini! Uvimbe wa taya uwapatao watoto wa kwetu, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa Kampala, ni saratani ikuayo kwa haraka mno. Na wakiwahiwa kwa dawa, watoto wengi hupona. Kila wiki iliyopotea kwa mganga wa makombe imeibiwa katika umri wa mtoto. Hapo ndipo pa kukemea, si kwenye dirisha la mama mgonjwa.

Hata wataalamu wa zama zetu wameliona jambo hili. Mwaka 1984 mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, alitangaza uchunguzi wake juu ya wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yao yalielekea miti, na nusu yalielekea ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali mapema kidogo, wakahitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Wagonjwa wale walikuwa wachache, na hatusemi kuwa mti hutibu saratani. Twasema tu kwamba mwili haukai peke yake. Hukaa mahali, na mahali pana athari.

Wazee wetu katika dini walilijua hili zamani. Qalawun, kabla hajawa Sultani wa Misri, aliugua akiwa Dameski, mbali na kwao, akatibiwa kwa dawa za hospitali aliyoijenga Nuruddin. Akaweka nadhiri kwamba akipata utawala atajenga mfano wake. Akaupata, akaitimiza nadhiri, na hospitali yake ya Kairo ikakamilika katika miaka ya 1284 na 1285. Ndani yake mlipitishwa maji ya chemchemi, na waqfu wake uliwekwa kwa ajili ya tajiri na maskini, mkaazi na mgeni. Basi mtu aliyeonja ugonjwa wa ugenini hakutosheka kujengea dawa peke yake. Alijenga na mahali pa kupumzisha jicho.

Hapa, ndugu zetu, suali la mama yule linageuka na kutuelekea sisi. Tulipomwuliza zaidi alitueleza jambo ambalo hakulisema mwanzo. Bibi yule wa chumba cha pili aliyemsalimu kwa Kiluo, akampelekea uji siku alizoshindwa kusimama, hakuwa Mwislamu. Na msikiti ulikuwa karibu. Adhana ya sala tano alikuwa akiisikia kitandani. Katika wiki sita hakuna mtu wa msikiti ule aliyebisha hodi. Mti uliwekwa pale na Mwenyezi Mungu, na uji uliletwa na mwanamke wa dini nyingine. Sisi tulileta nini?

Wala hatuwalaumu watu wa msikiti ule, kwani ni nani aliyewapelekea khabari? Sisi wa darasa hili tulimchangia mama yetu nauli ya kwenda, tukasoma dua, tukadhani tumemaliza. Hatukumpigia simu hata mara moja. Na tuseme ukweli ulio mchungu zaidi: lau angalifia huko, tungalikodi magari ya kuileta maiti, tungalichinja, tungalipika mapochopocho ya siku ya tatu na ya arubaini, na fedha zingalipatikana. Kwa maiti twapata fedha za ng'ombe, na kwa aliye hai twakosa fedha za blanketi. Hii si dini ya Muhammad (s.a.w.). Ni ada tuliyoivika kanzu.

Tazameni fiqhi yetu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, msafiri akinuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, hukumu ya kupunguza sala humwondokea. Kwa hiyo mgonjwa wa wiki sita si msafiri tena katika rakaa zake. Lakini ugeni haumtoki moyoni kwa hesabu ya siku nne. Na katika aya ya 60 ya Sura ya Tawba yametajwa mafungu manane ya wapewao zaka, na la mwisho ni la msafiri mhitaji. Wanazuoni wa Kishafi wamesema humo huingia na yule anayeanza safari kutoka mji wetu, wala si mpita njia peke yake, maadamu ni mhitaji na safari yake si ya maasi. Ni safari gani iliyo na haki zaidi kuliko ya mtu anayekwenda kuitafuta roho yake? Fungu hili twalisoma kila mwaka katika Ramadhani, na kila mwaka twalipita kama kwamba hakuna msafiri duniani.

Basi rai yetu ni hii. Kila mgonjwa anapoondoka Migori au Homa Bay, imamu wa hapa ampigie simu imamu wa huko, amtajie mtu wake na mahali alipo, kwa idhini ya mgonjwa mwenyewe. Wenye nyumba katika miji yenye hospitali hizo watoe chumba, japo kimoja, kiwe waqfu wa wagonjwa na wanaowauguza. Na kiwe na dirisha. Wanawake wa msikiti wamzuru, mzuru asikae mpaka mgonjwa achoke, wala asimweleze khabari za waliokufa kwa maradhi yale. Na fedha tulizozoea kupikia arubaini zigeuzwe ziwe nauli na chakula cha walio hai.

Nawe ndugu mgonjwa, au mama, au mzazi uliyemshika mtoto wako mkono katika ukumbi wa kungojea: usione haya kukitamani kitanda chako na sauti za kwenu. Ukipelekwa Kisumu, jua kuwa maji uyaonayo ni ya ghuba ile ile ya Winam inayopiga ukingo wa Homa Bay na Kendu Bay. Ni ziwa lako. Ukipelekwa mahali pasipo maji, tafuta kitu kimoja kilicho chako: mti, kilima, sauti ya muadhini, jua linapoingia chumbani. Na siku usipoona chochote cha kukuliwaza, usijihukumu. Kuliwazika si faradhi. Mgonjwa ana haki ya kulia, na Nabii Yakubu (a.s.) alilia mpaka macho yake yakaingia weupe, akabaki Nabii.

Mama yetu wa Karungu tulimjibu kwamba hakukosa. Alinyamaza, kisha akasema atarudi Eldoret kupimwa baada ya miezi mitatu. Tukamwuliza jina la mtaa alipopanga, na jina la msikiti ulio karibu, tukayaandika. Hilo lilikuwa la kufanywa siku ya kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awapendezeshee mahali walipo, awabarikie pishi na kibaba chao, na atuondolee sisi wazima ugonjwa wa kusahau. Amin.