Shahidi Kwenye Usukani

Rafiki zangu wawili tunaoendesha nao baiskeli wameniuliza swali lilelile kwa nyakati tofauti: "Hicho kidude ulichofunga kwenye usukani, tununue?" Nimekuwa nawajibu, "Kizuri, ila..." halafu nabadilisha mada. Leo nataka niimalize hiyo "ila". Najua hapa tumezoea kuzungumzia vitabu, siyo vifaa. Nivumilieni, kitabu nacho kitafika.

Kwanza kifaa chenyewe. Ni kompyuta ya baiskeli, ndogo kuliko simu, inafungwa katikati ya usukani. Inapokea mawimbi ya satelaiti na kukuonyesha kasi, umbali, saa na mwinuko unaoupanda. Za namna hiyo zipo siku nyingi. Hii yangu imeongezewa kamera inayotazama mbele. Ukianza safari nayo inaanza kurekodi, na haiachi mpaka ufike. Lakini haihifadhi kila kitu. Kumbukumbu ikijaa, picha mpya inafuta ya zamani, kama ubao wa darasani. Kitu kinabaki kwa njia mbili tu: kifaa kihisi mshtuko mkubwa, kama wa kuanguka, au mwenyewe ubonyeze kitufe cha pembeni. Hicho kitufe mkikumbuke, nitakirudia.

Kwa kazi yake sina malalamiko. Kioo kinasomeka hata kwenye jua la Dar es Salaam la saa saba mchana. Betri inanitoa Mwenge mpaka Posta na kunirudisha. Picha inatosha kusoma namba ya gari likiwa karibu. Kama swali ni hilo tu, nunueni.

Mimi nilikinunua kwa hofu. Anayepanda baiskeli Barabara ya Ali Hassan Mwinyi asubuhi anajua: daladala inakupita karibu kiasi kwamba unaweza kumsalimia abiria wa dirishani kwa mkono. Ukilalamika, ni neno lako dhidi ya neno la dereva, na dereva ana konda wa kumuunga mkono. Nikasoma kwamba Uingereza polisi wanapokea video za waendesha baiskeli na kuwachukulia hatua madereva. Nikasoma pia kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilikubali video ya kamera ya gari itumike kwenye kesi ya ajali, ingawa kurekodi barabara muda wote kulikiuka sheria yao ya taarifa binafsi. Nikajiambia, na mimi nitakuwa na shahidi wangu.

Siku ya shahidi ikafika. Ilikuwa karibu na Makumbusho, asubuhi, barabara imelowa mvua ya usiku. Kijana wa bodaboda, amempakia mama mmoja na kikapu chake, alikuwa ananipita upande wa kulia. Tukagusana. Usukani wangu ukagonga keria yake, mimi nikaenda chini, rimu ya mbele ikapinda na spoku tatu zikakatika. Yeye aliyumba, akasimama mbele kidogo, salama. Watu wakajaa. Si mnajua sisi na ajali.

Niliinuka na hasira. "Umenibana! Huoni?"

"Bosi, mbona mimi nilikuwa nimenyoosha?"

Yule mama, kikapu bado mkononi, akasema kwa sauti, "Mimi nimeona. Huyu kaka ndiye aliyehama njia."

Hapo ndipo niliposema sentensi ambayo nimekuja kuiungama: "Mama, hapa kuna kamera, na kamera haidanganyi."

Nilikuwa sijaitazama video. Kifaa changu hakionyeshi video mpaka ukiunganishe na simu, na hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona. Haikuhitajika. Mama akanyamaza. Kundi zima likamgeukia kijana. Mtu mmoja akamwambia, "Dogo, malizana naye, mwenzio ana ushahidi." Kijana akanisogelea taratibu: "Bosi, tusifikishane mbali. Sema ni shilingi ngapi kutengeneza." Nikasema 30,000. Alinitumia kwa simu palepale, akampakia mama yake wa watu, wakaondoka. Mimi nikaikokota baiskeli mpaka kwa fundi, roho kwatu, mtu aliyepata haki yake.

Usiku nikaitazama.

Barabara imenyooka. Kushoto kwangu linakuja dimbwi. Ghafla picha yote inalala na kuelekea kulia. Huyo ni mimi, nakata usukani kulikwepa. Sikuangalia nyuma, sikutoa mkono. Ndipo pembeni mwa picha, upande wa kulia, linapoingia goti la kijana, halafu gurudumu lake. Gurudumu limenyooka kama alivyosema. Nafasi aliyokuwa ameniacha ilimtosha mtu anayekwenda bila kuhama njia. Na chini ya picha kifaa kimeandika kasi: 34. Nikakumbuka. Nilikuwa naitafuta 35. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo, ndiyo maana dimbwi nililiona limeshafika. Kumbe kilichoshuhudia kosa ndicho kilichonikosesha.

Niliirudia mara tano nikitafuta pa kutokea, na pa kutokea papo. Lenzi pana za kamera hizi huvionyesha vitu viko mbali kuliko vilivyo. Basi ningeweza kusema dimbwi lilikuwa karibu zaidi ya linavyoonekana, sikuwa na muda. Kasi ya satelaiti huchelewa kidogo kuliko kasi halisi. Basi ningeweza kusema nilikuwa nimeshapunguza. Kamera inatazama mbele tu. Nani ajuaye yeye alikuja na mwendo gani huko nyuma? Maikrofoni imejaa upepo. Nani ajuaye kama alipiga honi? Kila hoja hapo ina ukweli ndani yake. Ukizipanga vizuri unapata utetezi safi kabisa, na bado mimi ndiye niliyehama njia.

Halafu nikafungua zile video nilizozihifadhi mwenyewe tangu nikinunue, za kile kitufe. Zilikuwa 23. Daladala iliyonibana, gari lililofungua mlango bila kuangalia, bajaji iliyokuja kinyume. Zote ni makosa ya watu. Hakuna hata moja ya siku nilizovuka taa nyekundu pale Morocco, na siku hizo zipo, tena si moja. Siku hizo kidole hakikukumbuka kitufe, na ubao ukajifuta. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nimemnunulia nyani kamera.

Sasa kitabu. Shaaban Robert alitupa *Kusadikika* mwaka 1951. Wengi tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tukaishia kukariri majina. Karama anasimama mbele ya mfalme na baraza lake, ameshitakiwa na Waziri Majivuno. Hana picha wala karatasi ya kuonyesha. Ana mdomo wake. Anasimulia kisa baada ya kisa cha wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mambo ya kuifaa, na badala ya kushukuriwa wakafungwa. Baraza lote kazi yake ni kusikiliza na kupima: msemaji huyu ni nani, anapata faida gani, maneno yake yanashikana? Mwisho Karama anaachiwa, na wafungwa wale nao wanaachiwa. Jina la nchi limebeba jambo lenyewe. Kusadikika ni kazi ya watu wawili, anayesema na anayesikiliza.

Mama wa kikapu alikuwa shahidi wa namna ya Karama. Alikuwa juu ya pikipiki, juu kuliko mimi, akitazama mbele. Ungeweza kumshuku kwamba anamtetea dereva wake, sawa, lakini ungeweza pia kumhoji. Mama, ulikuwa unaangalia wapi? Niliyumba kabla ya dimbwi au baada? Angejibu, na majibu yake yangepimwa. Shahidi wangu mimi hahojiki, ni mali ya upande mmoja wa kesi, na siku ile hata hakusema neno. Nilimtaja tu. Ndiyo maana siwezi kujidanganya kwamba niliitumia kamera kutafuta ukweli. Niliitumia ili kusikiliza kuishe.

Kuna atakayesema: lakini mwishowe kamera si ndiyo iliyokuumbua? Ni kweli, na hiyo ndiyo inayonizuia kukitupa kifaa hiki. Pale barabarani sikuwa naongopa. Niliamini kabisa nimebanwa. Bila video ningeapa hivyo mpaka leo, na ningewasimulia hapa kisa cha bodaboda mkorofi. Kumbukumbu yangu ilikuwa imeshanitetea kabla sijainuka chini. Kamera ilijua zaidi yangu.

Ila ilinisahihisha usiku, nikiwa peke yangu, kwa hiari yangu. Mchana, mbele za watu, ilikuwa silaha. Na silaha hii ina bei. Kifaa changu kinazidi thamani ya baiskeli ya muuza mkaa pamoja na magunia yake. Wanaobanwa zaidi barabarani ni hao, na wasukuma mikokoteni, na watu wa guta. Tukizoea kwamba mwenye video ndiye msemakweli, tutakuwa na barabara yenye watu wa aina mbili: wenye ushahidi, na wenye mdomo tu.

Namba ya kijana ilikuwa kwenye ujumbe wa malipo. Ilinichukua siku mbili kumpigia. Nataka niseme nilikuwa na shughuli. Nilikuwa naona aibu.

"Kaka, mimi yule wa baiskeli, Makumbusho."

"Bosi, si tulimalizana?"

"Nimeitazama video. Kosa lilikuwa langu, wewe ulinyoosha. Nakurudishia hela yako."

Akakaa kimya kidogo. Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Akasema, "Unajua hata mimi nilishaamini nimekubana? Ulivyosema kamera haidanganyi, nikasema basi labda macho yangu ndiyo yamenidanganya. Nimerudi nyumbani nikamwambia mke wangu, leo nimegonga mtu."

Hela ilirudi siku hiyohiyo, na ya mafuta juu yake. Hilo lilikuwa rahisi. Lakini kwa siku mbili nilikuwa nimemnyang'anya mtu macho yake, nikamwachia kosa langu akalipeleka nyumbani kwake, na hilo halirudishwi kwa muamala wa simu.

Kabla hatujaagana akaniomba kitu. "Hiyo video ifute basi, bosi. Sitaki sura yangu izunguke huko."

Ombi la haki kabisa. Tunasema macho hayana pazia, tunawasamehe macho kuona kilicho mbele yao, lakini macho husahau na hayatumi kwenye makundi ya simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Tumeshakubaliana kama nchi kwamba sura ya mtu si ya kila mwenye kamera. Shida ni kwamba kufuta kulinifaa mimi kuliko yeye. Ile ndiyo video pekee katika ghala langu lote inayoonyesha kosa langu. Kwa kumtii ningebaki na zile 23, mimi msafi, watu wote wabaya.

Nikamuuliza: nikikutumia wewe kwanza, halafu nikaifuta kwangu? Akacheka. "Nitumie."

Nikafanya hivyo. Shahidi sasa yuko kwake. Siku nikijisahau nikaanza kusimulia kwamba nilibanwa, yupo mtu mmoja Dar es Salaam mwenye uwezo wa kunikatisha. Mama wa kikapu sikumpata. Kijana anasema alimpakia njiani tu, hamjui. Yule bado ananidai samahani, na ningependa niitoe mbele ya watu kama nilivyomnyamazisha mbele ya watu.

Kwa hiyo rafiki zangu, kidude ni kizuri, nunueni. Mimi bado ninacho, ila kasi nimeiondoa kwenye kioo, naiangalia nikifika. Kitufe kibonyezeni na siku mliyokosa ninyi. Na mtu akisimama pembeni ya barabara akasema "mimi nimeona", mwacheni amalize kusema kabla hamjataja mlicho nacho kwenye usukani.